Kilabu cha mbege cha mtaani kwetu kinavunjwa, hivi vilabu vya pombe vilianzaje?

mjukuu_wa_mpika

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, vuteni viti.

Huku kwetu Kilimanjaro, upande wa mgombani (kata siitaji, watu wananijua), kuna kilabu cha mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) ambacho bibi yangu alikua anapika kwa zamu tangu mama yangu akiwa mgongoni. Sio pa maana sana ukipaangalia, bati zimeliwa na kutu, mabenchi manne, mparachichi mmoja katikati wenye kivuli kuliko bati lenyewe. Wiki iliyopita mwenye eneo kaja na watu wa kupima, zinajengwa frem za maduka. Wazee wala hawakupiga kelele. Wamekaa wanaangalia kamba inavutwa kutoka mti mpaka choo, alafu mmoja kaagiza lita nyingine.

Sasa kilichonifanya niandike. Mimi kazi yangu iko Dar, na mwezi uliopita jamaa wa ofisini alinialika kwenye kikundi chao, wanajiita klabu ya bia, zile bia za craft zinazotengenezwa kidogokidogo. Wanakutana mara mbili kwa mwezi, kila mtu na glasi yake, wanaonja, wanaandika alama kwenye kikaratasi, hii ina uchungu hii ina harufu ya chungwa. Watu wazuri tu sina ugomvi nao. Ila mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba haya mambo ya watu wa mtaa mmoja kuwa na klabu yao na bia yao iliyotengenezwa hapohapo ndo yanaingia Bongo sasaivi, yametoka Marekani. Nikanyamaza. Nilikua namuwaza bibi na kata yake ya kibuyu.

Maswali yangu: hivi vilabu vilianza lini na nani alivianzisha? Na kwanini vinaitwa kilabu wakati sijawahi kuona kadi ya uanachama? Nataka niandike historia ya kilabu chetu kabla bati la mwisho halijashushwa, hata kurasa kumi tu, nianzie wapi?

---

Kimea Kibichi

Mkuu hapo kwenye "mzee kaagiza lita nyingine" nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

Kuhusu jina nakupa yangu ya haraka. Kilabu ni "club" ya Kiingereza lakini babu zetu waliipokea kama walivyopokea kitabu, kwahiyo kilabu/vilabu. Baadae watu wa mpira na magazeti wakaona kilabu imeshanuka pombe, wakaiweka "klabu". Ndo maana leo unasikia klabu ya Simba, klabu ya Yanga, alafu kilabu CHA pombe. Neno lilelile moja limevaa suti lingine limevaa kandambili.

---

Karani Mstaafu

Mwanangu umeuliza jambo ambalo nimelifanyia kazi miaka mingi upande wa pili wa meza, maana nilikua karani wa halmashauri na sehemu ya kazi yangu ilikua kukusanya ushuru wa hivyo vilabu. Ngoja nikueleze kwa mpangilio nikipotea mnisamehe.

Pombe yenyewe ni ya zamani kuliko serikali zote. Lakini zamani haikua na nyumba yake. Ilikua inapikwa nyumbani kwa sababu fulani, kuna msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji), kuna harusi, kuna kumaliza ugomvi, na wanaokunywa ni wanaohusika na jambo hilo. Kitu cha kwenda mahali na hela yako mfukoni ukanunua pombe ya mtu usiyemjua, hicho ndicho kilichokuja na miji, na mkoloni alipoona miji imejaa vijana wana mshahara na akina mama wanapika uani akaogopa vitu viwili, fujo na hela inayopita bila kodi.

Chanzo cha mfumo ni Durban kule Afrika Kusini. Mwaka 1909 manispaa ya Durban ilijipa haki ya kuwa mpikaji na muuzaji pekee wa pombe ya Waafrika, na faida yake ndiyo ikalipia mambo ya Waafrika hukohuko mjini. Yaani mnywaji anajijengea nyumba na kujilipia askari wa kumkamata. Wakubwa wa miji mingine wakaona hii ni akili sana. Nairobi wakaiga, mwaka 1922 wakafungua sehemu yao ya kupika na kuuza Pumwani, na mwanamke aliyekutwa anapika kwake akawa mhalifu. Watu walikua wanaiita ile pombe ya manispaa "tembo". Na angalia mambo yalivyo, mwaka huohuo 1922 ndipo ikaanzishwa Kenya Breweries ya wazungu, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na tembo porini, ndipo bia ikaitwa Tusker na tembo akachorwa kwenye chupa. Kwahiyo Nairobi ilikua na tembo wa aina mbili na Mwafrika alitakiwa abaki kwenye ule wa manispaa.

Tanganyika hawakwenda njia hiyo moja kwa moja. Kwa sehemu kubwa mwanamke aliachiwa apike mwenyewe lakini akauzie mahali palipopimwa na mwenye mji, penye karani na askari, na alipe. Hapo ndipo unapata "pombe shop", na hapo ndipo unapata kilabu. Bia ya chupa ilikua na kiwanda chake Dar tangu 1933, lakini hiyo haikua ya wavuja jasho.

Baada ya Uhuru mfumo haukufa, ulibadilisha mmiliki tu. Sheria ya Vileo ya 1968 ikaweka leseni, na pombe za kienyeji zikawa na leseni yake na masaa yake. Viwanda vya bia vilikua vimeshaingia mikononi mwa serikali mwaka 1967. Sehemu nyingi wakati wa vijiji vya ujamaa kilabu kikawa mali ya kijiji, na mimi binafsi nimeshaona zahanati imeezekwa kwa ushuru wa pombe, bati zile nilizihesabu mwenyewe. Ndio maana nacheka nikisikia mtu anasema kilabu ni cha wahuni. Kilikua kwenye bajeti.

Kwahiyo jibu fupi, jengo na jina ni la mkoloni, kilichomo ndani ni cha bibi yako.

---

mjukuu_wa_mpika

Mzee wangu shikamoo. Hiyo sentensi ya mwisho naiiba, itakua mwanzo wa maandishi yangu.

Swali la nyongeza: bibi huwa anasema "zamu yangu ilikua Jumatano", ni nani alikua anagawa hizo zamu? Serikali au wenyewe?

---

Binti Msesewe

Naomba hili nilijibu mimi maana mama yangu, shangazi zangu wawili na mama mkwe wote wamepika, na mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa zamu ya Ijumaa.

Karani anapokea ushuru tu kaka. Zamu wanagawana wenyewe. Na ukitaka kujua kwanini lazima kuwe na zamu inabidi ujue mbege inavyopikwa, hapa wengi wanainywa tu.

Ndizi inaachwa iive kabisa mpaka iwe laini, inamenywa, inachemshwa kwenye pipa masaa kibao mpaka inageuka rangi, inakua nyekundu ya kahawia. Hiyo unaiacha ipoe na ichachuke siku kadhaa. Pembeni una ulezi, umeuloweka, umeota, umeuanika, umeusaga, hicho ndo kimea. Unapika uji wake, kwetu tunaita mso. Alafu maji ya ndizi yanachujwa yanachanganywa na mso, na kuna gome la msesewe limechemshwa kwa ajili ya uchungu. Hao wenzako wa Dar wanaoandika uchungu kwenye kikaratasi wanautoa kwenye ua la hops linalotoka Ulaya, bibi yako anautoa kwenye gome la mti wa mtoni. Kesho yake mbege iko tayari. Keshokutwa ni kali. Siku inayofuata mpe nguruwe.

Hapo ndo penyewe. Mbege haina uzima mrefu. Ile sio bia imekufa kwenye chupa, bado inachemka yenyewe hata ukishaimimina kwenye kata, ukiifunga kwenye dumu bila kuacha pumzi dumu linakurukia usoni (shangazi ana kovu). Kwahiyo huwezi kuipeleka mbali na huwezi kuiweka stoo. Inatakiwa inywewe palepale ilipopikiwa na ndani ya siku moja mbili, na pipa moja ni nyingi kuliko familia. Sasa wanawake saba wakipika siku moja wote wanapata hasara. Ndo zamu ikazaliwa hapo. Jumatatu fulani, Jumanne fulani, na siku yako ikifika wengine wote wanakuja kukusaidia kuchuja na wanakunywa kwako, na wewe hivyohivyo. Ukifiwa siku yako mwenzako anakupikia na hela anakuletea. Hakuna karatasi. Mimi nasema hiyo ni klabu kuliko hiyo ya glasi, samahani kama nakwaza mtu.

Na kuna sheria zake. Mpikaji anaonja kwanza mbele ya watu kabla hajampa mtu. Mzee haachwi asimame. Deni linaandikwa kwa mkaa kwenye ubao na hakuna anayelifuta isipokua mwenye pipa. Ukipigana unakaa nje wiki nzima, unaona wenzako wanakunywa wewe umekaa kwenye jiwe. Nimeona mzee mzima ana suti amekaa kwenye jiwe.

---

OmwanaWaButere

Wasee wa TZ hii story imenigusa, wacha niongeze ya upande wetu.

Sisi ni busaa. Unga wa mahindi unalowekwa unachacha siku kadhaa, alafu unakaangwa kwa bati kubwa juu ya moto, ile harufu ukiisikia kama umetoka kwetu unakumbuka nyumbani hata uwe Dubai. Baadaye maji na kimea cha wimbi (nyinyi mnasema ulezi), siku chache iko ready, inachujwa. Wazee kwa boma walikuwa wanakunywa kwa chungu kimoja katikati na mirija mirefu kila mtu na wake, mwingine urefu wa mita mbili na zaidi, mtu anakaa mbali amestarehe. Kwa club za town ikawa ni mkebe wa kasuku, yule kasuku wa mafuta ya kupikia. Hata bei ilikuwa "kasuku moja".

Busaa clubs zilikuwa na license kabisa, na zilikuwa mahali mtu wa kutoka ocha (kijijini) anaingia Nairobi leo, kesho anaenda club ya watu wa kwao anapata kujua nyumba iko wapi na kazi iko wapi. Babu alipata kibarua cha railways akiwa amekaa kwa benchi ya busaa, aliambiwa na mtu ambaye hata hakuwa anamjua jina.

Alafu serikali ya Moi ikaja na mkono mzito. License za busaa zikaondolewa, na 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Unajua kilichofuata? Ukifunga mahali pa wazi pa pombe nyepesi watu hawaachi kunywa, wanaingia kichochoroni na mahali pa kujificha huwezi beba pipa la busaa, unabeba chupa ya chang'aa. Pombe nyepesi ikapotea, kali ikabaki. Sheria ya 2010, ile watu walikuwa wanaita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, ndiyo ikafuta ile ya 1980. Lakini hiyo ni miaka thelathini, mama aliyekuwa anajua kukaanga vizuri ashazeeka na msichana wake hakutaka kushikwa na chifu kila wiki.

Kwa hivyo @mjukuu_wa_mpika andika haraka. Frem ni kitu kidogo, at least bibi hakuwahi mwaga pipa kwa mtaro saa nane usiku.

---

Dereva wa Malaba

Mnasema vilabu havina uongozi, njooni Kampala mtaona.

Mimi ni Mtanzania lakini nimekaa huku miaka sita. Kuna kinywaji kinaitwa malwa, asili yake ni Wateso wa mashariki wao wanaita ajono. Ni ulezi. Unga uliochachushwa na kukaangwa unakuja mkavu, unawekwa kwenye chungu, unamiminiwa maji ya moto, alafu mnakaa duara mnachomeka mirija. Kikipungua mnaongeza maji ya moto tena, na tena, mpaka ladha iishe. Kwahiyo chungu kimoja ni jioni nzima, huwezi kunywa malwa ukiwa na haraka.

Sasa kikundi changu kina mwenyekiti, makamu, mweka hazina na askari wa nidhamu. Sitanii. Kuna daftari. Kuna ada. Ukichelewa bila taarifa faini, ukitukana faini, ukichomoa mrija wa mwenzako kwa utani faini kubwa. Mgonjwa anachangiwa na msiba unachangiwa, mwaka jana mmoja wetu alifiwa na mama yake tukakodi kigari tukaenda mpaka Soroti. Mrija ni wa mtu binafsi, una mfuko wake, chini una kichujio kidogo kilichosukwa cha kuzuia makapi.

Jamaa wa bia za craft angefika pale angeambiwa asubiri mwezi mmoja wachunguze tabia yake kwanza ndo apewe sehemu kwenye duara.

---

Mbongo wa Leeds

Habari za huko. Mimi naosha vyombo vya watu Uingereza lakini hili nalijua maana nafanya kazi kwenye klabu ya mtaa kabisa, wenyewe wanaita klabu ya wafanyakazi.

Hizi zilianza kwenye umoja ulioundwa 1862 na mchungaji mmoja anaitwa Henry Solly, na kichekesho ni kwamba Solly hakutaka pombe! Alitaka mfanyakazi wa kiwandani apate mahali pa kusoma gazeti na kusikiliza mihadhara aachane na baa. Wafanyakazi wakaja, wakasoma gazeti siku mbili tatu, wakauliza bia iko wapi. Haikuchukua muda mrefu bia ikaingia na wanachama wakashika uongozi wenyewe. Mpaka leo klabu ni mali ya wanachama, kuna kamati, mgeni anaandikwa kitabuni na mwenyeji wake, na bia ni nafuu kuliko baa ya jirani.

Na hiyo habari ya bia hai aliyoandika dada Binti Msesewe, wazungu walipigania kitu hichohicho. Mwaka 1971 wanaume wanne Waingereza wakiwa likizo Ireland walianzisha kampeni inaitwa CAMRA, walikua wamechoka na bia za kiwanda zilizochujwa zikachemshwa zikajazwa gesi, walitaka ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa mpaka inafika kwenye glasi. Hizi klabu za craft unazoziona Dar ni wajukuu wa makelele hayo. Kwahiyo jamaa yako hajadanganya sana, hiyo ya kwake imetoka nje kweli. Ila nje wenyewe walikua wanatafuta kile ambacho bibi hakuwahi kukiacha.

---

Nuru ya Asubuhi

Samahani sana lakini naona mnapamba ulevi. Mimi nimekulia nyuma ya kilabu. Baba aliacha mshahara wake pale, mama alikua anatutuma twende tukamwite na tunarudi na matusi. Hamna historia hapo ya kujivunia. Zijengwe tu hizo frem.

---

Binti Msesewe

@Nuru ya Asubuhi pole, na sitakubishia maana ulichokiona umekiona. Mama yangu mwenyewe alikua anajua kabisa kwamba hela ya ada yangu imetoka mfukoni kwa baba wa mtu. Alikua na wateja wawili ambao wake zao walikuja kumwomba asiwauzie zaidi ya lita moja na aliwakatalia kweli, wakahamia kwa mwenzake wa Jumamosi. Hiyo nayo iandikwe. Mjukuu usiandike kama tangazo la utalii, andika na mtoto aliyetumwa kumwita baba.

---

Nuru ya Asubuhi

Sawa dada. Hapo tumeelewana.

---

Mtogwa Asilia

Wana Kilimanjaro mmejaza uzi, Iringa na Njombe hatupo? Sisi ulanzi hata kupika hatupiki. Ni mwanzi wenyewe. Masika likiingia chipukizi zinakatwa ncha, unaning'iniza mbeta (kipande cha mwanzi cha kukingia), asubuhi na jioni unakata tena kidogo unakinga. Ukiunywa siku hiyo ni mtamu, huo ndo mtogwa hata mtoto anapewa. Kesho sio wa mtoto. Kwahiyo kilabu cha ulanzi kina msimu, kiangazi kikikaza benchi zinabaki tupu au wanahamia komoni, pombe ya mahindi. Historia yetu unaihesabu kwa mvua sio kwa leseni.

Wahaya nao waje waseme, wale wanakanyaga ndizi kwa miguu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, nimeona Bukoba nikabaki mdomo wazi.

---

Kimea Kibichi

Wahaya wako kwenye uzi wa rubisi, hiyo pombe yao ya ndizi, hawatoki leo wala kesho.

Alafu mbona hamna aliyeitaja chibuku? Ubungo ilikua na kiwanda chake kabisa cha Darbrew. Ile ndo serikali na makampuni walijaribu kuichukua pombe ya kilabu wakaiweka kwenye boksi, unatikisa maana unga umetuama chini. Na Arusha Banana Investment tangu 1993 wanauza mvinyo wa ndizi kwenye chupa. Kwahiyo sio kwamba haiwezekani kabisa kuipeleka mbali.

---

Binti Msesewe

Inawezekana ukiiua kwanza. Mvinyo wa ndizi ni mzuri ila sio mbege, hauna mso. Na boksi halina zamu.

---

Karani Mstaafu

Kijana uliuliza uanzie wapi na tumekujaza maneno.

Anza na walio hai, na anza na wapikaji kabla ya wanywaji, wanywaji watakupa hadithi wapikaji watakupa tarehe. Mwanamke hakwambii mwaka lakini atakwambia "nilianza zamu mwaka niliomzaa fulani", na fulani ana cheti cha kuzaliwa. Waulize ulezi walinunua wapi na kwa bei gani, maana kwetu ulezi mwingi ulikua unatoka mbali na bei yake ndiyo ilikua inaamua lita iuzwe ngapi. Uliza kilabu kilifungwa lini, hakuna kilabu kisichowahi kufungwa, kipindupindu, njaa ya mwaka fulani, mkuu wa wilaya mpya mwenye hasira.

Kisha nenda ofisi ya kata uombe kuona stakabadhi za ushuru kama hazijaliwa na mchwa. Ikishindikana kuna Nyaraka za Taifa pale Upanga Dar, majalada ya wilaya ya wakati wa Mwingereza yamo, na mkoloni alikua anaandika kuhusu pombe kuliko kuhusu shule. Utakuta barua za wachungaji wanalalamika na majibu ya mabwana shauri wanaohesabu mapato. Soma zote mbili.

---

OmwanaWaButere

Hapo kwa "kuliko kuhusu shule" mzee umeua.

---

mjukuu_wa_mpika

Wakuu nimerudi. Nilimpigia bibi jana usiku nikamsomea karibu uzi wote, ilichukua saa zima na vocha mbili.

Amesema yafuatayo. Karani wa enzi zake anamkumbuka, alikua anakunywa nusu ya ushuru, kwahiyo mzee wangu kama ni wewe anakusalimia. Zamu yake ya Jumatano hakupewa, aliirithi kwa mama mkwe wake, na mama mkwe aliinunua kwa mbuzi kutoka kwa mwanamke aliyekua anahamia Tanga kwenye mkonge. Yaani zamu ilikua inauzwa kama kiwanja! Hili sikuwahi kulijua maisha yangu yote. Kuhusu @Nuru ya Asubuhi alikaa kimya kidogo alafu akanitajia majina ya wanaume watatu, sijui nitayafanyia nini, ameniambia niyaandike kwenye daftari langu tu.

Na kuhusu jamaa wa klabu ya glasi, ameuliza wao wakishaonja wanamaliza au wanamwaga. Nikamwambia kuna kindoo cha kumwagia. Kimya. Akauliza tena kama nimesema kindoo.

Nilimuuliza pia kitu gani pale kilabuni niwahi kukiokoa kabla hawajavunja, nikadhani atasema pipa au kata ya kibuyu ya zamani. Kasema ubao wa madeni. Ni mlango wa zamani umeegeshwa ukutani, mkaa juu ya mkaa, kuna majina hayajafutwa tangu mimi niko msingi. Jumamosi napanda basi naenda kuuchukua, mwenye eneo kasema mbao zote ni zake ila huo mlango nichukue haufai hata kuni. Nitaupiga picha vizuri niwawekee hapa.

---

Dereva wa Malaba

Safi sana mkuu. Usiufute hata kidogo, usipitishe hata kitambaa.

---

Kimea Kibichi

Subiri kwanza. Upande wa kina nani huko? Maana babu yangu mzaa mama alikua anafanya kazi za kahawa huko juu miaka hiyo na alikua na tabia. Ukikuta jina lake naomba uje PM kabla hujaweka picha.